Kofia ya Salma wa Barani

Mwezi mmoja baada ya arubaini ya Bibi, binamu yangu alirusha kipande cha video kwenye kundi letu la familia katika simu. Kilikuwa kifupi, hakikufika hata dakika moja. Mwanamume mrefu mwenye miwani ya jua anaingia katika kibanda cha chapati, amevaa kofia nyeupe ya mkono iliyomshuka mpaka masikioni. Muuza chapati anashika kiuno na kumuuliza kofia hiyo amepewa na nani. Mwanamume anaigusa kwa vidole viwili, anatabasamu, anasema, "Nimeshonewa na Salma wa Barani, kule Malindi." Kisha vinapasuka vicheko, vile vya kubandikwa. Chini yake binamu alikuwa ameandika, "Mnamkumbuka mke wa Shababi?" na wengine wakafuata na vikatuni vyao vya kucheka hadi machozi. Wengi wao mambo hayo yakitokea walikuwa wakitambaa.

Nilikuwa kazini Mombasa, nala chakula cha mchana. Nilikifunika. Salma mwenyewe yumo katika kundi lile, na alama zilionyesha kwamba keshakitazama kile kipande.

Nyumba ya Bibi ilikuwa mtaa wa Barani, na tuliishi watatu tu. Bibi, mamake mamangu. Salma, mdogo wake mamangu, niliyemwita Mamdogo. Na mimi, niliyeachwa pale kwa sababu wazazi wangu walikuwa na chumba kimoja Mombasa na watoto wa kukijaza. Mamdogo alikuwa mshoni wa kofia. Si za cherehani. Za mkono, zile ambazo kitambaa cheupe hutobolewa vitobo vidogo vidogo, kisha kila kitobo kikazungushiwa uzi, na kofia moja humla mtu miezi. Mpaka leo nikisikia harufu ya wanga ukichemka, na ya kitambaa kibichi chini ya pasi ya makaa, hurudi pale dirishani alipokuwa akikaa na mkeka wake kufuata mwanga. Kidole chake cha shahada kilikuwa kigumu kwa kudungwa na sindano. Akinipapasa shavu kilinikwaruza, na mimi nilipenda kukwaruzwa nacho.

Umri wake ulikuwa umeanza kusemwa. Wanawake waliokuja kumtembelea Bibi walimtazama akipita na birika la chai, kisha wakashusha sauti. Wala hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Alicheka siku moja tu kwa juma, Jumapili baada ya Alasiri, tulipovuka kichochoro kwenda kwa jirani yetu Bi Zaina, mwenye runinga kubwa ya mgongo, kutazama "Kibanda cha Rukia".

Mchezo wenyewe ulikuwa upuuzi mtupu, nasema hivyo kwa mapenzi. Rukia ni muuza chapati wa kawaida kabisa, leso kiunoni na unga puani, na anapendwa na Shababi, mwimbaji ambaye nchi nzima inamlilia. Shababi anataka kuishi kama watu. Rukia anataka mapenzi yasiyopigwa picha. Kila wakitaka kula chapati zao kwa raha anaibuka mwandishi wa habari chini ya meza, au mashabiki wanavamia na kuumaliza unga wote. Mamdogo alicheka mpaka akajifunika uso kwa buibui. Siku moja, akijifuta machozi, alimwambia Bi Zaina, "Mwanamume wa kunichekesha hivi, wallahi ningemshonea kofia nisilale."

"Mshonee basi," akasema Bi Zaina. "Si una mikono?"

Wakatazamana, wakacheka tena, na kicheko kile cha pili hakikuwa cha runinga. Mimi nilidhani kilikuwa cha runinga.

Niliamini kila kitu kilichopita pale. Nilidhani runinga ni dirisha, kama lile la Bi Zaina lililotazama njia, ila hili lilitazama mbali zaidi. Nilimuuliza Mamdogo kwa nini Rukia na Shababi hawafungi pazia watu wasiwaone. Akaniambia, "Wamezoea, mwanangu." Jibu hilo lilinitosha. Na nikaona jambo moja wazi kabisa: mtu kama Shababi humpenda mtu kama Rukia, na Rukia hakuwa na kitu ambacho Mamdogo hakuwa nacho. Kwa uzuri Mamdogo alimzidi. Ilibaki tu Shababi apate habari.

Siku hizo alikuwa akija mwanamume mmoja wa Gongoni, jina lake Athman, msimamizi wa wapakiaji katika mashamba ya chumvi. Aliandamana na gari la magunia mpaka duka la karibu nasi, na gari likishushwa mzigo yeye husimama barazani kwetu. Alikuwa mpole, mwenye visigino vilivyopasuka na kufanya weupe kwa chumvi. Kwao ni Wagiriama wa bara. Alizaliwa akiitwa Karisa, akasilimu ujanani, na watu wetu hawakuacha kulitaja hilo ingawa yeye alisali kuliko wajomba zangu. "Shikamoo, mama," humwambia Bibi. Bibi hujibu "Marahaba" huku macho yakiwa kwenye tasbihi. Siku moja nilimwona Mamdogo akimzungusha uzi kichwani kumpima, akatia fundo pale ncha zilipokutana. Sikuona ajabu. Vichwa vingi vilipimwa katika baraza ile. Kwangu Athman alikuwa mteja.

Niliyokuja kuyajua ukubwani ni kwamba wazee wake walikuwa wameshaleta posa. Kwetu jibu la posa halikuwa karatasi wala maneno. Mwanamke wa nyumba yetu akikubali, hushona kofia kwa kipimo cha huyo mwanamume, na mwanamume wa ukoo huichukua akaipeleka. Kofia ikitoka, neno limetoka. Hiyo ndiyo atakayoivaa siku ya kuleta mahari. Bibi hakumtaka Athman. Alisema hana ukoo, alisema Gongoni ni mbali, alisema mtu hamwozi mwanawe kwa mchota chumvi. Lakini mjomba wetu wa Mombasa, kaka yake Salma na walii wake wa ndoa, alisema akiridhika Salma yeye hana neno. Kwa hiyo Salma akashona.

Nikaiona kofia ile ikikua. Haikuwa kama zile za kuuza. Zile zilikuwa na maua na vijimwezi. Hii aliitilia viraba vidogo vilivyopangana safu kwa safu, kama mabwawa ya chumvi yanavyoonekana ukiwa juu ya gari njia ya Gongoni. Hakuiacha mkekani. Jioni aliikunja ndani ya kitambaa, akaifukiza udi, akaifungia sandukuni. Kofia ya duka haifukizwi udi. Mimi na akili zangu nikajumlisha: si ya kuuza, inafichwa, na alisema mwenyewe atakayemchekesha atamshonea. Ni ya Shababi. Na nilipomsikia akimwambia Bi Zaina, "Nimemaliza, lakini sijui itafikaje, na kaka haji mpaka mwezi ujao," moyo wangu ulimwendea. Maskini Mamdogo. Anapenda mtu wa mbali na hana wa kumtuma.

Basi wiki hiyohiyo gari lenye vipaza sauti likapita mitaani likitangaza kwamba wachezaji wa "Kibanda cha Rukia" watakuja Malindi, Jumamosi, uwanjani pa shule. Mtu mzima angesema sadfa. Mimi nilisema Mungu amesikia.

Ufunguo wa sanduku ulikaa chini ya godoro. Niliitoa kofia, nikaitia kifuani ndani ya gauni, nikaenda uwanjani na watoto wa Bi Zaina. Jua lilikuwa kali, vumbi limesimama, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Nilipenya chini ya mikono ya watu. Shababi alikuwa mrefu kuliko nilivyomjua na alinuka manukato na jasho. Nilimwamkia, nikampa. "Amekushonea Mamdogo Salma wa Barani," nikasema.

Akachuchumaa. "Na Salma ni nani wangu?"

"Ni mchumba wako."

Watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka sana. Aliigeuza kofia ile, akaitazama kazi, akaivaa ikamshuka masikioni. "Mwambie nimepokea, na nitamtaja," akaniambia. Mwanamume yule hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililotumaliza.

Siku mbili baadaye Mamdogo alifungua sanduku. Alitoa nguo zote, akakung'uta moja moja, akainua godoro, akatafuta hata ndani ya debe la mchele. Nilimtazama nikiwa nimeuma midomo, kwa sababu niliona jambo jema lisisemwe kabla halijatimia. Lakini alipokaa chini katikati ya nguo na kulia bila sauti, nilianza kuogopa. Nilikwenda uani, Bibi akichagua mchele kwenye ungo, nikamwambia yote. Nilimwambia na sanduku na uwanja na Shababi.

Vidole vyake vikasimama. "Umempa mkononi?"

"Mkononi, Bibi."

"Na kuna mtu wetu aliyekuona?"

"Watoto walikuwa nyuma, hawakuniona."

Akautikisa ungo. Kisha akaendelea kuchagua mchele, akatupa jiwe moja, akatupa jingine. "Sikiza," akasema. "Nyamaza. Usimwambie mtu, wala mamdogo wako. Ukimwambia atakuchukia mpaka kufa. Mie n'tajua la kufanya." Akanyanyuka, akanikatia kipande cha halua kutoka kopo la wageni.

Niliila ile halua nikimshukuru. Niliona Bibi amenificha chini ya leso yake kama nilivyokuwa nikijificha mvua ikinyesha. Kwa miaka mingi nimekumbuka utamu wa halua ile kabla ya kukumbuka kitu kingine chochote cha siku hiyo, na mambo hayo mawili siwezi tena kuyatenga.

Athman aliambiwa kofia imepotea. Alikuja mwenyewe, akasimama barazani, Mamdogo yuko nyuma ya dirisha. "Bi Salma, kofia ni kitambaa," akasema. "Shona nyingine. Hata mwaka, mie n'tangoja." Mamdogo akakata kitambaa kipya siku hiyohiyo. Alishona kwa haraka mpaka kidole kikavimba, na nilimsikia akiimba jikoni. Mambo yangekuwa yamekwisha hapo. Hapo ndipo hurudi mara nyingi nikilala: yangekuwa yamekwisha.

Jumapili moja tulikuwa kwa Bi Zaina, chumba kimejaa, watu mpaka mlangoni. Shababi akaingia kibandani na kofia masikioni. Nilipiga makofi. Ndiyo, mimi nilipiga makofi, nikaruka. Kamera ikamsogelea, viraba vya Mamdogo vikajaa kwenye kioo chote, na Rukia akauliza swali lake, na Shababi akatimiza ahadi. "Salma wa Barani, kule Malindi."

Kwanza kilikuwa kicheko cha kawaida. Halafu vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, mpaka chumba kizima kikawa kinamtazama Mamdogo badala ya runinga. Mtu mmoja nyuma akapiga kigelegele cha mzaha. Mamdogo alisimama. Hakutafuta viatu. Alipita katikati ya magoti ya watu, akavuka kichochoro peku, na nilipomfuata nikiwa bado na furaha yangu nilimkuta ameegemea mlango kwa ndani, uso umemshuka, anauliza ukuta, "Imefikaje? Imefikaje pale?"

Bibi aliniangalia mimi. Kisha akamwambia, "Dunia ina mambo, mwanangu."

Jumatatu Athman alikuja. Wenzake wa Gongoni walikuwa wametazama mchezo ule kwenye hoteli ya chai, na yeye miongoni mwao. Aliambiwa akae, hakukaa.

"Sikuja kugomba," akasema. "Nimekuja kuuliza. Ile kofia uliniambia imepotea."

"Imepotea, Athman. Wallahi imepotea."

"Nimeyaona mabwawa yangu kwenye kichwa cha mtu. Na jina lako likatajwa, na mtaa ukatajwa. Kitu kilichopotea hutaja jina la mwenyewe?"

"Sijui. Sijui imefikaje. Naapa kwa Mungu sijui."

"Wenzangu wananiuliza kama nimeletewa kadi ya harusi ya tajiri." Sauti ilimkatika. "Mulungu anaona," akasema, na neno hilo la kwao lilipomtoka Bibi aliinua nyusi. "Mulungu anaona, Salma, mie ningengoja."

Hapo ndipo mimi, niliyekuwa nimekaa kando ya kiti cha Bibi, nikafahamu. Viraba vilikuwa vyake. Kofia ilikuwa yake. Nikafungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba nilifungua mdomo, maana Bibi aliuona, akaniwekea mkono begani na kusema kwa upole, "Mwana, kamletee mgeni maji."

Mtoto wa kwetu akitumwa maji ya mgeni hasemi ngoja. Nilikwenda mtungini, nikateka, nikafuta gilasi kwa nje kama nilivyofunzwa. Niliporudi Athman alikuwa ameshaondoka. Bibi alikuwa akivuta tasbihi. Mamdogo alikuwa amesimama palepale, na ile gilasi niliishika sijui nimpe nani.

Watu walisema lisemwalo lipo. Walisema Salma amemtupa mchota chumvi kwa ajili ya msanii, na msanii naye kamtupa. Wavulana wakimwona njiani wanaita, "Shemeji Shababi!" Kile kichekesho cha Jumapili kikahamia mtaani kwetu, ila kwetu hapakuwa na Shababi. Palikuwa na Rukia peke yake. Mamdogo hakukanyaga tena kwa Bi Zaina siku ya Jumapili. Ile kofia ya pili aliifumua uzi mmoja mmoja, na za kuuza pia akaziacha. Akanunua cherehani, akawa mshoni wa sare za shule. Athman alioa mwaka uliofuata huko kwao. Posa nyingine ilikuja mara moja, na Mamdogo mwenyewe akasema hapana kabla Bibi hajafungua mdomo.

Kisha Bibi akapata kiharusi. Mimi nilikuwa nimeshakua, nimeshahamia Mombasa, na kila nikija likizo nilimkuta Mamdogo akimgeuza mamake kitandani, akimlisha uji kwa kijiko, akimpaka mafuta mgongoni asipate vidonda. Miaka mingi hivyo, bila kununa. "Ana nani mwingine?" alikuwa akisema. Na Bibi, aliyebakiwa na upande mmoja wa mdomo, alimfuata kwa macho kila alipokwenda chumbani mle. Nimewaza sana juu ya macho yale. Zamani nilidhani Bibi alivunja posa ile kwa sababu ya ukoo. Siku hizi nadhani aliogopa kuachwa, na ukoo ulikuwa neno la kusemea tu. Simtetei. Aliutumia ukimya wa mtoto kama mtu anavyotumia kisu cha mwenziwe, akakirudisha mahali pake. Lakini nilimpenda, na nilipomuosha pamoja na Mamdogo siku ya mazishi nililia kweli.

Baada ya video ile nilikwenda Malindi Jumamosi. Mamdogo alikuwa sebuleni, anakunja sare, sketi za kijani huku na mashati kule. Nywele zimeingia mvi. Nilimwamkia, nikakaa chini kwenye mkeka, nikasema kabla ujasiri haujanitoka. Sikupamba. Nilimwambia ufunguo niliutoa wapi, nilimwambia nilichomwambia Shababi, nilimwambia hata kwamba nilipiga makofi.

Alikuwa ameshika shati la mtoto. Aliendelea kulinyoosha kola kwa kidole kile, huku na huku, muda mrefu.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" akauliza.

"Minane, Mamdogo."

"Minane." Akaliweka shati. Kisha akaniinulia uso, na sijawahi kumwona mtu akiogopa jibu vile. "Na mama? Mama alijua?"

Njia nzima ya kutoka Mombasa nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kilio, hata kwa kofi. Swali hilo sikulifikiria. Ningesema ndiyo mzigo ungepungua nusu, na ingekuwa kweli. Ningemwambia juu ya mchele na halua na gilasi ya maji. Mbele yangu, mlangoni pa chumba cha Bibi, kiti cha magurudumu kilikuwa bado kimekunjwa, na juu yake taulo aliyokuwa akimfutia mdomo, imefuliwa.

"Hapana," nikasema. "Bibi hakujua. Ni mimi peke yangu."

"Apa."

Nikaapa.

"Alhamdulillahi," akasema, na mabega yakamshuka. Akafunga zile sare kwa kamba, akazisogeza ukutani, akakaa kunipa mgongo. "Sasa nenda, mwanangu. Sitakulaani. Lakini nenda."

Simu zangu hapokei mpaka leo, na salamu ninazomtumia kupitia kwa mamangu hazijibu. Mamangu huniambia mdogo wake yu mzima, anashona, na kila Alhamisi jioni bado humsomea mamake Yasini, hajaacha hata moja.